Gari linakula mafuta na skana inataja sensa ya oksijeni: kagua haya kabla ya kununua mpya

Malalamiko huja kwa sura ileile. Gari limeanza kula mafuta, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, skana imechomekwa na kutoa msimbo unaotaja sensa ya oksijeni. Sensa ikanunuliwa, ikafungwa, msimbo ukafutwa. Siku tatu baadaye taa imerudi, na mshale wa tangi unashuka kama zamani.

Katika visa vingi vya namna hii sensa iliyotolewa ilikuwa nzima. Ilikuwa inasema kweli kuhusu ugonjwa ulioko mahali pengine, ikang'olewa kwa sababu jina lake ndilo lililotajwa. Sensa ni shahidi, na shahidi aliyeripoti wizi hakamatwi kwanza. Wakati mwingine shahidi huyu husema uongo kweli, na hapo ndipo anapobadilishwa. Maelezo yafuatayo yatakusaidia kutofautisha hali hizo mbili, kwa kuanzia dalili unayoiona.

Sensa inapima nini

Sensa ya oksijeni haioni petroli. Inaona oksijeni iliyobaki kwenye moshi, basi. Ukilishika hilo, nusu ya mafumbo yaliyoko hapa chini yatajifungua yenyewe.

Petroli huungua kwa uwiano sahihi pale gramu 14.7 za hewa zinapokutana na gramu 1 ya petroli. Sensa ya kawaida, ile ya zirkonia, hutoa karibu volti 0.1 oksijeni ikiwa nyingi (mchanganyiko mwepesi), na karibu volti 0.9 oksijeni ikiwa haba (mchanganyiko mzito). Mpaka uko kwenye 0.45. Kompyuta ya gari huongeza mafuta kidogo, hupunguza kidogo, huku ikiitazama sensa muda wote. Kwa hiyo sensa nzima ya mbele haitulii: hupanda na kushuka bila kupumzika.

Ikiwa baridi, haifanyi kazi. Inahitaji joto la nyuzi 300 hivi, na ndiyo maana ndani yake kuna hita ndogo ya umeme. Kabla haijapata moto, kompyuta hupima mafuta kwa makadirio, na gari baridi hukadiriwa kwa mkono mzito.

Sensa ya kwanza hukaa kabla ya katalitiki (kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba), na ndiyo inayoamua mafuta. Ya pili hukaa baada ya katalitiki, na kazi yake kuu ni kukagua kama katalitiki bado inafanya kazi. Kwenye skana utaona maandishi kama B1S1 au B2S2. B1 ni upande wa injini wenye silinda namba 1, B2 ni upande wa pili kwa injini za V. S1 ni sensa ya mbele, S2 ya nyuma. Usidhani B1 ni upande wa dereva. Hutofautiana kati ya injini na injini, na wengi wamebadilisha sensa ya upande usiohusika kwa kukisia.

Jambo jingine la kuangalia mapema: magari mengi ya miaka ya karibuni yana sensa ya mbele ya aina pana, inayopima uwiano wenyewe wa hewa na mafuta badala ya kusema tu "nzito" au "nyepesi". Kipimo cha 0.1 hadi 0.9 hakiihusu. Kwenye Toyota nyingi, kwa mfano, aina hii huonyesha karibu volti 3.3 mchanganyiko ukiwa sawa, na namba hupanda mchanganyiko unapokuwa mwepesi, kinyume cha sensa ya kawaida. Nyuzi za kufungia zinaweza kufanana kabisa na za sensa ya kawaida, lakini moja haiwezi kukaa mahali pa nyingine.

Kabla ya dalili yoyote: pima matumizi

"Linakula mafuta" ni hisia mpaka uipime. Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, rekodi kilomita, endesha kama kawaida yako, kisha jaza tena hadi pampu ikate, ikiwezekana kwenye pampu ileile. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Ukitembea kilomita 360 na kuongeza lita 40, gari linakwenda kilomita 9 kwa lita. Fanya hivyo kwa matangi mawili au matatu, kwani tangi moja hudanganya. Usitegemee mshale, na namba ya matumizi kwenye dashibodi ichukue kama makisio tu.

Bila namba hii hutajua kama ulichokaribia kukibadilisha kilisaidia chochote.

Dalili ya 1: matumizi yamepanda, taa haijawaka

Hapa sensa ya oksijeni huwa mbali kwenye foleni ya watuhumiwa.

Anza na yasiyo ya injini. Upepo wa tairi upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi. Breki inayoshika ni ya pili: baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, moja ikiwa ya moto kupita wenzake, umepata. Jiulize pia kama njia yako imebadilika. Foleni ndefu na safari fupi za injini baridi hula mafuta kuliko hitilafu nyingi.

Kisha tazama mshale wa joto. Injini ambayo haifiki joto lake la kawaida, au inayopoa ukiwa barabara kuu, ina themostati (valvu inayodhibiti mzunguko wa maji ya rejeta) iliyokwama wazi. Kompyuta inaamini injini bado ni baridi na inaendelea kuilisha zaidi. Sensa ya joto la maji ya rejeta inayodanganya huleta matokeo hayohayo, na hii huonekana kwa urahisi kwenye skana: gari lililolala usiku kucha lionyeshe joto la maji karibu sawa na la hewa. Likionyesha tofauti kubwa, mmoja kati yao anadanganya.

Watu wengi hukimbilia kichujio cha hewa. Kibadilishe kikichafuka, lakini kwenye injini ya nozeli inayoongozwa na kompyuta, kichujio kichafu hupunguza nguvu kuliko kinavyoongeza matumizi, kwa sababu kompyuta inapima hewa halisi inayopita.

Sensa ya oksijeni iliyochoka huja mwisho. Inaweza kuzeeka taratibu, ikawa nzito kujibu, bila kuvuka kiwango cha kuwasha taa. Za zamani zisizo na hita zilihesabiwa kilomita 50,000 hadi 80,000. Zenye hita hufika karibu 160,000. Ukiwa umepita hapo na hujawahi kuibadilisha, ipime kama inavyoelezwa kwenye dalili ya 5.

Dalili ya 2: taa imewaka, msimbo ni wa hita (P0135, P0141, P0155)

Huu ndio msimbo wenye kesi rahisi kuliko yote, kwani unahusu waya wa kupasha joto na si mchanganyiko wa mafuta. P0135 ni hita ya B1S1, P0141 ni ya B1S2, P0155 ni ya B2S1.

Fyuzi ndiyo ya kwanza. Sensa kadhaa mara nyingi hushiriki fyuzi moja, kwa hiyo ukiona misimbo ya hita ya sensa mbili au zaidi kwa wakati mmoja, usinunue chochote kabla ya kufungua kisanduku cha fyuzi. Ni nadra hita mbili kufa siku moja. Fyuzi ikiwa imekatika, kuna kilichoikata: tafuta waya ulioegemea bomba la moshi ukayeyuka ganda.

Koneka ni ya pili. Ichomoe, tazama kutu ya kijani, maji, au pini iliyoingia ndani. Sensa za chini ya gari hupigwa na matope na mawe.

Baada ya hapo pima hita yenyewe. Injini ikiwa imezimwa na baridi, weka multimita kwenye omu na upime kati ya waya mbili za hita upande wa sensa. Mara nyingi hizo mbili zina rangi moja. Sensa nyingi huonyesha kati ya omu 2 na 20 hivi, na kitabu cha gari lako kitataja kiwango chake. Isiposoma kitu kabisa, hita imekatika, na hapo kununua sensa mpya ni halali. Onyo: kipimo cha omu ni cha waya za hita tu. Usikiweke kwenye waya wa ishara. Mkondo wa multimita unaweza kuidhuru sensa.

Hita ikisoma vizuri, washa swichi na upime kama volti 12 zinafika kwenye koneka upande wa gari. Zisipofika na fyuzi ni nzima, tatizo ni waya, rilei au kompyuta. Hapo mkabidhi fundi umeme wa magari. Kutoboatoboa waya za kompyuta ukitafuta umeme ni njia ya haraka ya kugeuza hitilafu ndogo kuwa kubwa.

Je, hita mbovu huongeza matumizi? Ya sensa ya mbele, ndiyo, hasa kwa anayekwenda safari fupi, kwa sababu sensa inachelewa kupata moto na gari linaendelea kwa makadirio. Ya sensa ya nyuma, karibu hakuna utakachokiona kwenye tangi.

Dalili ya 3: msimbo wa mchanganyiko mwepesi (P0171, P0174)

Huu ndio unaoua sensa nyingi zisizo na hatia. Shahidi anasema, "naona oksijeni nyingi mno." Kompyuta inaongeza mafuta kujaribu kuifuta oksijeni hiyo, na matumizi yanapanda. Swali lako ni: oksijeni hiyo imetoka wapi?

Kabla ya kukagua, soma marekebisho ya mafuta kwenye skana. Utaona STFT, ya muda mfupi, na LTFT, ya muda mrefu. Zijumlishe. Jumla iliyo ndani ya asilimia 10 juu au chini haina la kutisha. Namba chanya ina maana kompyuta inaongeza mafuta, hasi, inapunguza. Isome mara mbili: injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kisha ukiishikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika.

Chanya kubwa bila kukanyaga, inayoshuka kwenye 2,500: hewa inaingia kinyemela baada ya sensa ya kupima hewa. Tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka, bomba la hewa lenye ufa kwenye mikunjo, gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa, mfuniko wa mafuta ya injini uliolegea. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Sikiliza mluzi, na kunjua kila mpira kwa mkono, kwani nyufa nyingi hujificha kwenye mikunjo. Wapo wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka manifoldi ili wasikie mlio wa injini ukibadilika. Njia hiyo hufanya kazi, na imeshawasha magari moto. Usiifanye injini ikiwa ya moto karibu na bomba la moshi. Fundi mwenye mashine ya moshi ataupata ufa kwa usalama zaidi.

Chanya inayopanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo: mafuta hayatoshi au sensa ya kupima hewa ni chafu. Isafishe kwa dawa yake maalumu, usiiguse kwa kitambaa wala brashi, iache ikauke. Isiposaidia, kuna presha ya mafuta: kichujio kilichoziba au pampu iliyochoka. Kupima presha kunamaanisha kufungua mstari wa petroli wenye mgandamizo. Mwachie fundi mwenye geji na mazingira salama.

Halafu kuna sababu inayowachanganya hata wazoefu: bomba la moshi linalovuja kabla ya sensa. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo ufa hunyonya hewa ya nje. Sensa inaiona oksijeni hiyo na kuripoti mchanganyiko mwepesi ambao haupo. Niliwahi kubadilisha sensa ya gari moja mara mbili kwa msimbo huu, na mwenye gari akalipa mara mbili. Kosa lilikuwa ufa kwenye manifoldi ya moshi, mwembamba kama unywele, uliokuwa ukilia tiki-tiki asubuhi injini ikiwa baridi na kunyamaza chuma kilipopanuka kwa joto. Tangu siku ile, kwa msimbo wa P0171, huanza kusikiliza injini ikiwa baridi kabla sijagusa kitu kingine. Tafuta pia masizi meusi kwenye viungo na gasketi.

Injini inayomisi hutoa dalili ileile. Silinda isiyowaka hutupa hewa yake yote, na oksijeni yake yote, kwenye bomba la moshi. Petroli yake nayo imetoka bila kuungua, ila sensa haioni petroli. Inaona oksijeni, inasema "nyepesi", na kompyuta inaongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari inayatapika. Plagi, koili na waya zake zikaguliwe kabla ya sensa.

Simama hapa: taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, injini inamisi kwa kiwango cha kuunguza katalitiki. Punguza mwendo, egesha mahali salama mbali na majani makavu, na usiendelee na safari.

Ukipitia yote hayo na kila kitu kiko sawa, ndipo sensa inapoingia kwenye orodha.

Dalili ya 4: moshi mweusi, harufu ya petroli, msimbo P0172 au hakuna msimbo

Mchanganyiko ni mzito kweli. Ng'oa plagi moja injini ikipoa. Ikiwa na masizi makavu meusi, umethibitisha.

Sasa linganisha mashahidi wawili: plagi na marekebisho ya mafuta. Plagi nyeusi na marekebisho hasi zinakubaliana: sensa inaona uzito na kompyuta inapunguza mafuta inavyoweza, lakini kuna mahali mafuta yanaingia bila ruhusa. Sensa ni nzima, iache. Tafuta nozeli inayovuja, rigyuleta ya presha inayopitisha petroli kwenye mpira wake wa vakyumu (uchomoe, ukinusa au kuona petroli ndani umeipata), valvu ya kuvuta mvuke wa tangi iliyokwama wazi, au sensa ya joto la maji inayodai injini ni baridi.

Plagi nyeusi na marekebisho chanya makubwa hazikubaliani. Injini imejaa petroli, na kompyuta bado inaongeza. Hapa mtu anadanganya. Huenda ni bomba linalovuja au silinda inayomisi, kama tulivyoona, na usipokuta lolote kati ya hayo, ni sensa iliyokwama upande wa wepesi. Hii ndiyo hali ambapo sensa mbovu inakula tangi lako kweli, na ndiyo ambapo kuibadilisha kunaleta tofauti unayoihisi.

Usiliahirishe. Petroli isiyoungua huishia ndani ya katalitiki na kuipasha hadi iyeyuke, na nyingine huteremka kwenye mafuta ya injini na kuyafanya mepesi. Ukinusa petroli kwenye kijiti cha kupimia oili, usiendeshe. Oili ibadilishwe na chanzo kizibwe. Petroli ikidondoka popote chini ya boneti, zima injini, usiwashe tena, ita fundi.

Dalili ya 5: msimbo unaitaja sensa yenyewe (P0130 hadi P0134)

P0131 ni volti iliyokwama chini, P0132 juu, P0133 sensa inajibu polepole, P0134 haionyeshi uhai. Hata hapa, waya na koneka hutangulia. Kwa P0133, bomba linalovuja na injini inayomisi bado zinaweza kuhusika.

Jaribio la sensa ya kawaida ya zirkonia hufanywa kwa skana inayoonyesha data hai. Pasha injini hadi joto la kawaida, ishike kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika mbili, kisha hesabu: katika sekunde 10 volti zivuke kati ya juu na chini karibu mara 8 au zaidi. Kanyaga mafuta ghafla, zipande hadi 0.8 au zaidi. Achia, zishuke karibu na 0.1. Sensa inayofanya yote hayo haraka ni nzima, hata kama msimbo umelitaja jina lake.

Ikiwa imekwama chini, ilazimishe: fundi hupuliza gesi kidogo ya propani kwenye njia ya hewa na kutazama kama volti zitapanda. Gesi ya kuungua karibu na injini ya moto si jaribio la kufanyia nyumbani. Ikiwa imekwama juu, chomoa mpira mdogo wa vakyumu kwa sekunde chache. Sensa nzima itashuka.

Kwa aina pana usitumie hesabu hizi. Soma kwenye skana uwiano au lambda (uwiano uliopo ukigawanywa kwa uwiano sahihi); lambda ya 1.00 ndiyo sawasawa.

Dalili ya 6: P0420, na umeshauriwa kubadilisha sensa ya nyuma

Msimbo huu husema katalitiki haifanyi kazi yake vya kutosha. Ikiwa nzima na ya moto, sensa ya nyuma hukaa karibu tuli, mara nyingi kwenye volti 0.6 hadi 0.7. Ikianza kucheza kama ya mbele, katalitiki imechoka, au bomba linavuja karibu na sensa hiyo. Kagua uvujaji kwanza, kisha uliza kilichoiua katalitiki: kumisi, injini inayokula oili, mchanganyiko mzito wa muda mrefu. Ukifunga mpya bila kutibu chanzo, nayo itakufa.

Kubadilisha sensa ya nyuma kwa matumaini ya kupunguza mafuta ni kutupa fedha. Magari kadhaa huitumia kwa marekebisho madogo, lakini madogo mno kuonekana kwenye tangi.

Dalili ya 7: sensa mpya imefungwa, hali ni ileile

Sababu ya kwanza ni ile tuliyoizungumzia tangu mwanzo: sensa haikuwa mgonjwa. Rudi kwenye dalili ya 3.

Ya pili ni sensa isiyofaa: ya upande mwingine, ya mahali pa S2 badala ya S1, au ya kawaida mahali pa aina pana. Tumia namba ya kipuri, usitumie kufanana kwa macho.

Ya tatu ni waya zilizounganishwa vibaya kwenye sensa zisizo na koneka yake. Rangi hutofautiana: kwenye Bosch hita ni nyeupe mbili, ishara nyeusi, ardhi kijivu; kwenye Denso nyingi hita ni nyeusi mbili, ishara buluu, ardhi nyeupe. Ukilinganisha nyeusi na nyeusi umeshakosea. Waya zisichomelewe kwa risasi, kwa sababu sensa nyingi huvuta hewa yao ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za waya. Tumia viunganishi vya kubana. Nashauri ununue yenye koneka yake uepuke haya yote.

Ya nne ni sumu. Itazame ncha ya sensa ya zamani kabla ya kuitupa, itakueleza mengi. Masizi meusi makavu: mchanganyiko mzito. Kahawia au nyeusi yenye utelezi: injini inakula oili. Nyeupe yenye chembechembe: maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, na hapo gasketi ya silinda hedi ikaguliwe na fundi haraka. Unga mweupe laini: silikoni, mara nyingi kutoka kwenye gundi ya gasketi isiyoandikwa kuwa salama kwa sensa. Sensa mpya ikifungwa kwenye injini yenye sumu hiyohiyo, itakufa kwa ugonjwa huohuo. Kuosha ya zamani kwa petroli au kuichoma kwa moto hakuirudishi.

Kubadilisha, ukishathibitisha

Fanya kazi injini ikiwa vuguvugu. Ikiwa baridi kabisa nyuzi hushika. Ikiwa ya moto bomba litakuchoma. Kwa sensa za chini, gari likae juu ya stendi imara kwenye sakafu ngumu, magurudumu yamewekewa vizuizi. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayelala chini ya gari. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu.

Chomoa koneka kwanza. Pulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye nyuzi, subiri, tumia soketi ya sensa ya milimita 22 yenye mwanya wa waya. Ikigoma, kaza kidogo, legeza kidogo, ongeza dawa. Ikianza kutoka na vipande vya chuma, acha. Nyuzi za M18×1.5 zikiharibika kwenye manifoldi, zinahitaji kukatwa upya kwa vifaa vya fundi, na ukilazimisha utanunua manifoldi.

Sensa mpya isidondoke, kwani ndani ni kauri. Nyingi huja na mafuta ya kuzuia kushikana yakiwa tayari kwenye nyuzi. Kama hazina, paka kidogo kwenye nyuzi tu na yasifike kwenye ncha. Anza kwa vidole hadi ikae, kisha kaza kwa kiwango cha kitabu, ambacho kwa magari mengi ni nyutoni mita 40 hadi 50. Pitisha waya njia yake ya zamani, mbali na bomba, na ufunge vishikizo vyote.

Tegemea nini kwenye tangi

Wizara ya Nishati ya Marekani, katika ushauri wake kwa wenye magari, hutaja kuwa kurekebisha hitilafu kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa kunaweza kuboresha umbali kwa lita hadi asilimia 40. Namba hiyo hunukuliwa sana bila neno "hadi". Ni ya gari lililokuwa likimwaga mafuta: kilomita 8 kwa lita kupanda hadi 11. Sensa iliyozeeka tu, inayojibu polepole, huleta nafuu ndogo ambayo utaiona kwa kupima kwa makini. Sensa iliyokuwa nzima haileti kitu.

Baada ya kufunga, futa misimbo kwa skana ili marekebisho ya zamani yaliyojifunza kutoka kwa sensa mbovu yafutike nayo. Endesha kwa siku chache, mjini na barabara kuu, huku ukiitazama LTFT ikirudi karibu na sifuri. Kisha jaza tangi hadi pampu ikate, rekodi kilomita, na uweke namba mpya kando ya ile uliyoiandika mwanzoni.